Umanjano wa majani ya pothosi

Umanjano wa majani ya pothosi ni hali ya majani ya mmea wa mapambo uitwao pothosi (jina la kisayansi: *Epipremnum aureum*) kupoteza rangi ya kijani na kuwa ya njano. Hali hii huonekana katika mimea mingi inayokuzwa kwenye vyungu ndani ya nyumba. Katika pothosi ina utata wa pekee, kwa sababu majani ya mmea huu huwa na mabaka ya njano au meupe hata unapokuwa na afya njema.

Umanjano si ugonjwa mmoja bali ni dalili, kama homa ilivyo kwa binadamu. Unaweza kutokana na maji mengi, maji machache, giza, jua kali, baridi, njaa ya virutubisho, wadudu, au uzee wa jani. Katika vyungu vya ndani ya nyumba, sababu iliyo ya kawaida zaidi ni mizizi kukaa muda mrefu katika udongo uliolowa huku mmea ukipata mwanga mdogo. Watu wengi wakiona jani la njano huongeza maji au mbolea papo hapo. Ikiwa mizizi imeanza kuoza, hatua hiyo huharakisha kifo cha mmea.

## Mmea wenyewe

Pothosi ni mmea unaotambaa, wa familia Araceae, ambayo ndiyo familia ya magimbi. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Polinesia ya Kifaransa, kwenye Bahari ya Pasifiki. Wataalamu waliueleza mwaka 1880 kwa jina la *Pothos aureus*, na mwaka 1964 ukahamishiwa katika jenasi *Epipremnum*. Jina la zamani limebaki midomoni mwa watu hadi leo. Neno *aureum* ni la Kilatini na maana yake ni "ya dhahabu". Kwa hiyo rangi ya njano imo katika jina la mmea wenyewe. Nchini India na kwingineko barani Asia unajulikana pia kwa jina lenye maana ya "mmea wa pesa".

Porini, katika nchi za joto, pothosi hupanda juu ya miti mikubwa kwa mizizi inayotoka kwenye shina, na majani yake huweza kuwa makubwa sana na yenye mipasuko. Ndani ya nyumba majani hubaki madogo, yenye umbo la moyo. Mmea huu hutoa maua kwa nadra mno. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa sababu ni upungufu wa homoni ya jiberelini. Kwa hiyo huzalishwa kwa pingili, yaani vipande vya shina, si kwa mbegu. Aina zinazojulikana ni pamoja na 'Golden' yenye mabaka ya njano, 'Marble Queen' yenye mabaka meupe, na 'Neon', ambayo jani lake zima ni la kijani cha kung'aa kinachokaribia njano.

## Asili ya mabaka

Rangi ya kijani ya majani inatokana na klorofili, ambayo hunasa mwanga wa jua ili mmea utengeneze chakula kwa njia ya usanisinuru. Katika mimea yenye mabaka, baadhi ya seli za jani hazina klorofili au zina kidogo tu. Palipo na karotenoidi bila klorofili ya kutosha huonekana njano, na pasipo na rangi hizo zote huonekana peupe.

Chanzo cha hali hiyo si kimoja kwa mimea yote:

- Mabadiliko ya kijenetiki. Seli za mmea mmoja huwa za aina mbili, zile zinazotengeneza klorofili na zile zisizoweza. Mfano ni *Dracaena trifasciata* aina ya 'Laurentii', mmea wenye majani marefu yaliyosimama na kingo za njano. Spishi yake ina asili katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, ikiwa ni pamoja na Kongo. Ukizalishwa kwa kipande cha jani, watoto wake huwa hawana kingo za njano. Ili rangi ibaki ni lazima kugawanya shina la chini pamoja na mizizi.
- Hewa ndani ya jani. Katika mimea kama *Pilea cadierei*, nafasi zenye hewa chini ya ngozi ya jani huakisi mwanga na kuonekana kama madoa ya fedha.
- Virusi. Mabaka ya njano ya *Abutilon pictum* aina ya 'Thompsonii' husababishwa na virusi, na watu huyapenda kama pambo. Lakini katika mazao ya chakula hali kama hiyo ni hasara kubwa. Batobato ya muhogo, inayoenezwa na nzi weupe na kwa pingili zilizoambukizwa, pia huyapa majani mabaka ya njano.

Mabaka ya pothosi hayaambukizi mimea mingine.

### Jaribio la darasani

Jani lenye mabaka hutumiwa katika masomo ya biolojia kuonyesha kwamba klorofili inahitajika katika usanisinuru. Mmea huwekwa gizani kwa siku mbili hivi ili wanga uliomo katika majani uishe, kisha huwekwa juani kwa saa kadhaa. Jani moja huchumwa na kuchorwa ili kukumbuka mabaka yalipo. Huchemshwa kidogo katika maji, halafu huwekwa katika ethanoli iliyopashwa moto ndani ya chombo cha maji ya moto, kamwe si juu ya mwali, kwa kuwa ethanoli hushika moto upesi. Jani likishapoteza rangi huoshwa na kudondoshewa iodini. Sehemu zilizokuwa za kijani hugeuka buluu nzito inayokaribia weusi, dalili ya kuwa na wanga. Sehemu zilizokuwa nyeupe hubaki na rangi ya iodini yenyewe.

Jaribio hili linaeleza pia udhaifu wa mimea ya aina hii ndani ya nyumba. Sehemu nyeupe ya jani hulishwa na sehemu ya kijani. Mmea wenye mabaka mengi hutengeneza chakula kidogo, hukua polepole na hutumia maji kidogo kuliko ndugu yake wa kijani kitupu. Kosa dogo ambalo mmea wa kijani ungelivumilia, huu wa mabaka huonyesha athari zake mapema.

## Kutofautisha mabaka na umanjano

Kabla ya kutafuta tiba ni lazima kuhakikisha kwamba kuna tatizo. Alama zifuatazo husaidia:

- Baka la asili huonekana tangu jani linapokunjuka. Umanjano hutokea katika jani ambalo hapo awali lilikuwa la kijani.
- Baka la asili lina mipaka inayoonekana vizuri na halipanuki. Umanjano huenea siku hadi siku.
- Sehemu yenye baka la asili ni ngumu na yenye uhai kama sehemu ya kijani. Jani lililougua mara nyingi hulegea, na kikonyo chake hukatika kwa urahisi.
- Mabaka ya asili hutawanyika katika majani yote. Umanjano mara nyingi huanza upande mmoja, kama vile majani ya chini, majani machanga au kingo.

Njia rahisi ni kupiga picha ya mmea na kuilinganisha na mmea wenyewe baada ya wiki moja.

## Sababu

### Maji mengi

Mizizi inahitaji oksijeni. Udongo wa bustani una nafasi ndogondogo zenye hewa. Maji yakizijaza kwa muda mrefu, mizizi hukosa hewa na kuanza kufa. Vimelea vya udongoni kama *Pythium* hushambulia mizizi iliyodhoofika na kuiozesha. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, hivyo mmea hunyauka ingawa udongo umelowa. Hapo ndipo mwenye mmea hudanganyika akidhani una kiu, akaumwagilia tena.

Dalili zake ni majani kadhaa kuwa ya njano kwa pamoja, hasa ya chini, yakiwa laini. Udongo kuwa na harufu mbaya. Na mara nyingine vijidudu vidogo vyeusi kuruka juu ya chungu. Vyungu visivyo na tundu chini, au vilivyowekwa ndani ya chombo cha mapambo kinachotuamisha maji, ndivyo vinavyoleta shida hii zaidi.

### Mwanga mdogo au jua kali

Pothosi huvumilia kivuli, lakini kuvumilia si kustawi. Gizani mmea hutumia maji kidogo, udongo haukauki, na mizizi huanza kuoza. Kwa njia hiyo upungufu wa mwanga na wingi wa maji ni tatizo moja lenye sura mbili. Kwa upande mwingine, jua kali la mchana likilipiga jani moja kwa moja huliunguza. Mabaka meupe ndiyo huanza kukauka na kuwa ya kahawia.

Krotoni (*Codiaeum variegatum*), ambayo hupandwa kwenye nyua na kando ya njia nyingi Afrika Mashariki, ni mfano mwingine. Ikihamishwa ghafla kutoka uani penye jua hadi sebuleni penye giza, huangusha majani yake mengi.

### Ukame

Mmea ukikosa maji kwa muda mrefu, majani hujikunja, kingo hukauka, na majani ya zamani huwa ya njano kisha ya kahawia. Tofauti na maji mengi ni kwamba jani huwa kavu kama karatasi, udongo huachana na ukuta wa chungu, na chungu huwa chepesi kinapoinuliwa.

### Uzee wa jani

Jani moja la chini kuwa la njano mara mojamoja, huku machipukizi mapya yakiendelea kutoka, ni jambo la kawaida. Mmea huvuna nitrojeni kutoka katika jani la zamani na kuipeleka kwenye jani jipya. Hali hii haihitaji tiba.

### Upungufu wa virutubisho

Mahali umanjano unapoanzia huonyesha kirutubisho kinachokosekana. Nitrojeni na magnesi vinaweza kuhamishwa ndani ya mmea, hivyo upungufu wake huonekana kwanza katika majani ya zamani. Nitrojeni ikipungua jani zima hupauka. Magnesi ikipungua, sehemu zilizo kati ya mishipa huwa za njano. Magnesi imo katikati ya molekuli ya klorofili, kwa hiyo bila magnesi hakuna kijani. Chuma hakihamishwi kwa urahisi, hivyo upungufu wake huonekana katika majani machanga, ambayo huwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani.

### Baridi

Pothosi ni mmea wa nchi za joto. Halijoto ikishuka hadi karibu 10 °C, majani yake yanaweza kudhurika. Katika miji ya pwani hilo si tatizo, ila pale mmea unapowekwa mbele ya kiyoyozi. Katika nyanda za juu, kama Njombe, usiku wa miezi ya Juni na Julai unaweza kuudhuru mmea ulioachwa barazani.

### Chumvi na floridi katika maji

Maji ya visima vya baadhi ya maeneo yana chumvi. Chumvi hiyo hukusanyika katika udongo wa chungu, huonekana kama ukoko mweupe, na huunguza ncha na kingo za majani. Katika maeneo ya kaskazini mwa Tanzania, hasa karibu na Mlima Meru, maji mengi yana floridi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia. Mimea ya jenasi *Dracaena* na ule wa *Chlorophytum comosum*, wenye majani membamba yenye mistari, huathirika zaidi na floridi kuliko pothosi. Mahali kama hapo ni afadhali kutumia maji ya mvua.

### Wadudu

Vidung'ata ni wadudu wadogo weupe wanaofanana na vipande vya pamba. Hujificha kwenye maungio ya jani na shina. Utitiri ni mdogo zaidi, hukaa chini ya jani, huacha vidoa vingi vya njano na utando mwembamba, na huongezeka wakati wa ukavu. Wote hufyonza utomvu wa mmea.

## Uchunguzi

Uchunguzi unapaswa kutangulia tiba. Hatua zake ni hizi:

1. Kutazama majani yaliyoathirika: ni ya chini, ya juu, au ya upande mmoja tu?
2. Kutumbukiza kidole katika udongo hadi kina cha sentimita 3 hadi 5. Udongo unaonata kidoleni bado una maji.
3. Kuinua chungu ili kupima uzito wake, na kukagua kama kina tundu na kama maji yametuama chini.
4. Kugeuza majani na kutafuta wadudu upande wa chini.
5. Kukumbuka mabadiliko ya karibuni, kama vile kuhamishwa, kubadilishiwa chungu au kuwekewa mbolea.
6. Ikiwa udongo umelowa na majani yanaendelea kuwa ya njano, kuutoa mmea taratibu na kutazama mizizi. Mizizi mizima ni migumu na yenye rangi nyeupe au krimu. Iliyooza ni laini, ya kahawia au nyeusi, na huvuka ngozi ikivutwa.

## Tiba

Jani lililokwisha kuwa la njano kabisa halirudi kuwa la kijani. Lengo la tiba ni kuyaokoa majani yaliyobaki, na dalili ya kupona ni jani jipya lenye afya. Jani la njano kabisa linaweza kuondolewa. Lile lenye sehemu ya kijani bado linaulisha mmea, hivyo laweza kuachwa kwanza.

Ikiwa udongo umelowa lakini mizizi ni mizima, inatosha kuacha kumwagilia, kumwaga maji yaliyotuama, na kuusogeza mmea penye mwanga zaidi usio wa jua la moja kwa moja.

Ikiwa mizizi imeoza, sehemu zilizooza hukatwa kwa kisu au mkasi safi, na mmea hupandwa upya katika udongo mpya unaopitisha maji. Mchanganyiko unaofaa hupatikana kwa udongo wa juu, mchanga wa mtoni na samadi iliyooza vizuri. Penye minazi, nyuzi za makumbi zilizolowekwa na kuoshwa ili kutoa chumvi huufanya udongo kuwa mwepesi. Udongo mtupu wa mfinyanzi haufai. Chungu kisiwe kikubwa kupita kiasi, kwa sababu udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji muda mrefu.

Mbolea haiwekwi mpaka mmea utoe majani mapya. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuitumia, na chumvi zake huiunguza. Masalio ya chai yenye maziwa na sukari hayafai pia. Huvutia wadudu na kuvu.

Mizizi yote ikiwa imekufa, mara nyingi shina bado lina uhai. Hukatwa pingili zenye jani moja au mawili mazima, na kila moja iwe na angalau fundo moja, yaani mahali jani linapotokea. Fundo hutumbukizwa katika glasi ya maji safi, na maji hubadilishwa kila baada ya siku chache. Mizizi mipya kwa kawaida huonekana baada ya wiki chache. Kipande cha jani peke yake bila fundo hakitoi mmea mpya.

Vidung'ata hufutwa kwa pamba iliyolowekwa spiriti. Utitiri hupunguzwa kwa kuosha majani kwa maji, hasa upande wa chini, na kwa maji yenye sabuni kidogo. Mmea wenye wadudu hutengwa na mingine.

## Kinga

Maelekezo mengi ya mimea ya ndani yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na mengine hayafai karibu na ikweta. Vitabu hivyo hushauri mmea uwekwe kufuata dirisha la kusini, ambalo huko hupata jua mwaka mzima. Nchini Tanzania na Kenya, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Madirisha yanayopata jua mwaka mzima ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri. Dirisha la mashariki, au lile la magharibi lenye pazia jepesi, huifaa pothosi.

Vivyo hivyo, ushauri wa kupunguza maji majira ya baridi haupaswi kufuatwa kwa kutazama kalenda ya Ulaya. Afrika Mashariki, udongo wa chungu hukauka polepole wakati wa masika, kwa sababu ya unyevu na mawingu, na wakati wa kipupwe. Wakati wa kiangazi hukauka upesi. Kwa hiyo hakuna ratiba moja ya kumwagilia: maji hutolewa pale sehemu ya juu ya udongo inapokuwa imekauka, yakamiminwa mpaka yatoke tunduni, kisha mmea ukaachwa mpaka udongo ukauke tena.

Mbolea ya kawaida yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu inaweza kutolewa kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mmea unapokuwa unakua.

## Mabaka kupotea

Kuna hali iliyo kinyume cha umanjano: majani mapya kutoka yakiwa ya kijani kitupu. Hutokea mwanga ukiwa mdogo, au tawi linapotokana na seli zenye klorofili peke yake. Tawi la namna hiyo hukua haraka kuliko matawi ya mabaka na huweza kuutawala mmea. Hukatwa hadi kwenye fundo lenye jani la mabaka mazuri, na mmea husogezwa penye mwanga. Tawi la majani meupe matupu nalo halidumu, kwa kuwa haliwezi kujilisha.

## Usalama

Pothosi ina fuwele za kalsiamu oksalati zenye ncha kama sindano. Ndizo zinazofanya magimbi mabichi kuwasha mdomo. Mtoto, paka au mbwa akitafuna jani hupata maumivu na uvimbe mdomoni na kooni. Majani yaliyokatwa yasiachwe sakafuni, na mikono inawiwe baada ya kukata shina. *Dieffenbachia*, mmea mwingine wa familia hii wenye mabaka, una fuwele za namna hiyohiyo na huleta madhara kama hayo. Mtu aliyetafuna majani haya akaanza kuvimba koo au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja.